Masharti Yaliyotaka Kusomwa

Jana usiku, sala ya kulala ikiwa bado mdomoni, niliota mlango wangu umekataa kukaribisha wageni.

Ni ule mlango wa kisasa alioniwekea binti yangu Evodia, unaoongea na simu yake hata akiwa kazini. Katika ndoto ulikuwa mchana, zamu yangu ya kupokea jumuiya. Mama Projestus na wenzake wamesimama nje na rozari zao.

"Hodi!"

"Karibuni!" nikajibu.

"Samahani," mlango ukasema kwa adabu. "Karibu husemwa na mwenyeji. Wewe umesajiliwa kama mtumiaji."

"Hodi ya pili hiyo!" Mama Projestus akaita. "Ya tatu tunaondoka, Mama Evodia, usije ukasema tumeikimbia chai yako."

Maisha yangu yote sijamrudisha mgeni wa sala mlangoni. Nikauliza mwenyeji ni nani.

Papo hapo sebule ikawa gari, nami nimekaa kiti cha nyuma. Mbele hakuna dereva. Yupo meneja wa kampuni ya mlango, na badala ya usukani ameshika kitufe kikubwa kama sinia, kimeandikwa KUBALI.

"Bonyeza tu, mama. Wote wanabonyeza."

"Nakubali nini?"

"Masharti."

"Yako wapi?"

"Nyuma yako."

Nageuka. Masharti yamepanga foleni, yamevaa kanzu zenye maandishi madogo kifuani. La kwanza linavua kofia.

"Shikamoo, mama. Tuko hapa tangu kampuni ifunguliwe. Hakuna aliyewahi kutusoma."

"Marahaba. Subirini nivae miwani."

Nafanya ishara ya msalaba, naweka kidole kifuani pake na kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama tunavyosoma darasa la jioni.

"Pole pole," sharti linasema. "Unanitekenya."

Meneja anatazama saa. "Mama, utachelewa."

"Nimeanza shule nikiwa na wajukuu, baba. Kuchelewa nakujua, na hakujaniua."

Nikasoma moja baada ya jingine. Yaliyokwisha kusomwa yalikaa pembeni yakijifuta machozi kwa furaha. Likabaki moja fupi, limejikunyata nyuma ya kiti.

"Usinisome, mama. Naona aibu."

Nikalishika bega, nikasoma: "Mwenyeji wa nyumba hii ni kampuni, mpaka atokee mtu wa kusoma hadi hapa na kusema hapana."

"Hapana," nikasema.

Kitufe kikamponyoka meneja, kikaviringika barabarani kama mfuniko wa sufuria, naye akakikimbilia. Masharti yakapiga vigelegele. Gari likarudi kuwa sebule.

"Hodi ya tatu!"

"Karibuni ndani!"

"Amina," mlango ukasema, ukafunguka.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na Evodia, aliyekuwa ametoka kununua maandazi, alikuwa kibarazani akigombana na simu yake.

"Mama! Mlango haunitaki. Hapa kwenye jina lako palikuwa na neno 'mtumiaji', leo pameandikwa 'mwenyeji'. Sasa mtumiaji ni mimi! Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, mwanangu. Nimesoma."

Kisha kile kisauti cha mlango kikamwambia, kwa adabu ileile, apige hodi.

Akapiga. Nikafunga kanga vizuri kwanza, ndipo nikaitikia.