Kuachiwa kwa Maige

Safari ya kwanza Maige alipoachiwa, mkewe Mbuke alipiga vigelegele humohumo mahakamani mpaka askari wakamkemea. Asipige kwa nini? Hakimu ametamka mbele ya watu: mashtaka yameondolewa, uko huru. Nyumbani Tinde mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Lo! Hata ngazi hawajazimaliza, askari kanzu wawili wakamdaka Maige. Kesi ni ya dhahabu ileile aliyokutwa nayo bila leseni, ila sasa wameiongezea utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Mbuzi wakamla bila mwenyewe, kimya, kama watu wa matanga.

Mbuke, mama wa Loveness, akamwangukia hakimu, naye akamjibu: "Mama Loveness, dhamana hiyo siiwezi. Sheria imetungwa na Bunge."

Akamfuata mbunge mnadani Kishapu. "Sisi tunatunga tu, mama. Nani ashtakiwe na kwa kosa gani, huamua Mkurugenzi wa Mashtaka."

Kwa mwendesha mashtaka akaambiwa mkurugenzi hajasema kitu, na upelelezi bado. Wakubwa hao! Kila mmoja anakutupia kwa mwenziwe, na linalouma ni kwamba hakuna aliyesema uongo.

Basi akawa analima pamba yake, kesi ikitajwa anapanda basi, anasikia "upelelezi bado," anarudi kupika. Mwaka ukapita, na wa pili. Maige akaachiwa tena, akakamatwa tena palepale mlangoni. Majirani wakamsifu Mbuke kwa ujasiri. Ujasiri wa wapi! Mwanamke alikuwa amekufa ganzi. Hata mumewe alipokonda, alimtazama kama mtu wa ukoo mwingine.

Jana hakimu akatamka tena: uko huru. Vigelegele havikusikika. Maige alifika mlangoni, akaunganisha mikono mbele yake, akangoja pingu. Hakuja mtu. Mbuke akasogea kwenye benchi la nje, akampisha mumewe nafasi, wakakaa. Mabasi ya mchana yakapita, wakayatazama.

Jioni Marselino, karani wa mahakama, alitoka kufunga mlango, akawakuta.

"Haa! Baba Loveness, mbona bado mpo? Safari hii hakuna hati mpya. Imekwisha kabisa. Nendeni nyumbani!"

Maige akainuka kwa heshima.

"Sawa, afande," akasema. "Tunawasubiri tu waje wanichukue."

Mbuke naye akaitikia kwa kichwa.