Mwenye Nyumba wa Mesana

Ofelis alirudi kutoka sokoni na kapu la dagaa, akaketi kizingitini kumsubiri Gorgos amfungulie mlango. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na minne. Aliwahi kubadilisha komeo mara tatu, na siku moja aliupiga mlango kwa shoka, akateguka bega. Mlango ulimtii Gorgos tu, na Gorgos alikuwa marehemu.

Ofelis ndiye aliyemuua. Yeye na wenzake, askari wa kukodiwa kutoka Kampania, walipokewa Mesana kama wageni, wakalishwa wiki nzima, kisha wakawaua wanaume wa mji na kugawana nyumba na wajane. Fungu la Ofelis lilikuwa nyumba hii, na Mirto, mjane wa Gorgos, ndani yake.

"Umechelewa leo," Gorgos alisema, akifungua.

"Watu wengi sokoni, bwana."

Mirto akapakua dengu. Alimpakulia Gorgos kwanza, kama siku zote.

Mwaka huo mfalme wa Sirakusa aliwachapa vibaya askari wale, akawa anakuja kuwafukuza. Wakakutana uwanjani kuamua wamwite nani awasaidie. Ofelis alitaka kitu kimoja tu, kuzeekea katika nyumba ile. Waliotaka Karthago walipoulizwa, akainua mkono. Waliotaka Roma walipoulizwa, akainua tena.

"We Ofelis! Una mikono ya pweza?" jirani yake Statis alimcheka.

"Mwenzangu, mimi naogopa kotekote."

Statis akafikiri kidogo, naye akainua mkono wa pili. Wengi wakafuata. Wajumbe wakatumwa kwa wote wawili.

Wakarthago walifika kwanza. Afisa wao alibisha hodi, Gorgos akamfungulia.

"Karibu. Huyu Ofelis naye alikuja hivihivi, akala wiki nzima."

Afisa akaitikia kwa kichwa, akauliza pa kuweka ngao. Lakini Warumi walipokaribia, wenyeji wake wakamtoa mjini kwa hila, yeye na kikosi chake. Wakarthago wakarudi na jeshi, wakapiga kambi nje ya ukuta. Afisa wa Kirumi akaingia kwa mlango uleule.

"Nani mwenye nyumba? Roma inalinda mali ya rafiki zake. Lazima nipate jina."

Mirto alimtazama Gorgos. Ofelis naye, kwa mazoea, alimtazama Gorgos, kisha akajicheka kimoyomoyo: mzee mzima, mvi mpaka masikioni, anangoja ruhusa ya mtu aliyemchoma mkuki.

"Mtaje yeye," alisema Gorgos. "Mimi aliniua."

"Alikuulia wapi?"

"Hapo mezani."

Mrumi akaketi hapohapo, akaomba dengu.

Asubuhi vijana wa Roma na wa Karthago walianza kuuana nje ya ukuta. Mirto alisikiliza vilio vyao, akauliza watoto wa watu wataendelea kufa mpaka lini.

"Mpaka nyumba ya mumeo iwe salama," Mrumi alijibu, akisogeza bakuli aongezewe.

Ofelis akamshukuru. Kwao alifunzwa adabu.