Jumapili Asubuhi za Baba

Mimi ni fundi cherehani, na nilikubali kufundisha shule ya Jumapili kwa wiki mbili tu. Mwalimu aliyekuwepo alikuwa amejifungua, na mama mchungaji akanishika mkono mlangoni, akaniambia ni kwa muda mfupi, mpaka mwenzangu apate nguvu. Sasa yule mtoto aliyezaliwa anakaa mstari wa mbele darasani kwangu, ana meno yote na mdomo wa kujibizana na wakubwa. Tunamwita Kwa Nini, maana hilo ndilo neno lake tangu anaingia hadi anatoka. Mama yake alishapata nguvu zamani. Anaimba kwaya.

Msinielewe vibaya, watoto nawapenda. Wananichosha, wananipaka rangi kwenye sketi, lakini nawapenda. Chumba chetu kiko nyuma ya kanisa, zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu, na viti vibovu ndivyo tulivyoachiwa. Hakina dari, mvua ikinyesha juu ya bati, nafundisha kwa ishara. Kutoka ukumbini tunasikia ngoma na makofi, mahubiri hayatufikii. Nikiulizwa na majirani neno la leo lilikuwa nini, nawajibu Nuhu, na mara nyingi sikosei.

Mlango wa chumba hicho unafungwa kwa komeo, na mwalimu hatoki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na mzazi wake. Barabara iko palepale nje, na mtoto mmoja aliwahi kutuponyoka akaenda kuchezea katikati ya magari. Sheria hiyo niliitunga mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Baba yangu anaishi kwa dada yangu mkubwa, upande wa pili wa mji. Alikuwa seremala, mtu wa mizaha, na sasa kumbukumbu zinamtoka. Asubuhi anakuwa mzima kabisa: anajua ni siku gani, anataja wanawe kwa zamu, anauliza kama bado napindisha mishono. Jua likishapanda anaanza kupotea. Kufika mchana dada amegeuka kuwa mama yake, na anatafuta randa aliyoiuza kabla sijaolewa.

Jumatatu hadi Jumamosi niko kiwandani nashona sare. Jumapili kuna darasa, halafu mazoezi ya kwaya ya watoto, halafu kikao cha walimu, ambamo hata Mungu nadhani huwa anasinzia. Nikifika kwa dada ni jioni. Nakuta mzee mpole ananikaribisha kwa heshima zote na kuniuliza nimetoka wapi. Nilikuwa nikijikaza, nacheka naye, kisha naenda kulia jikoni kwa dada. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka kooni, na sikujua nimtapikie nani.

Ndipo dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, sikufichi," akasema. "Hizo asubuhi zenyewe zinapungua. Kama unataka akuone akujue, njoo sasa."

Nikaenda kwa mama mchungaji kuomba niachie darasa. Akanisikiliza vizuri, akasema jambo hilo lipelekwe mbele ya kanisa. Kwetu ndivyo ilivyo: anayeingia kwenye huduma huwekewa mikono mbele ya watu, na anayetoka huagwa palepale. Haya, nikajipanga. Jumapili ile nikaomba mama mmoja anishikie watoto kidogo, nikasimama mbele. Nikasema baba yangu anaumwa. Nikasema nimechoka. Neno la kuacha lilikuwa ulimini kabisa, mara mzee wa kanisa akainuka akasema tumwombee dada yetu. Mikono ikanishukia kichwani na mabegani, mizito. Kanisa zima likasimama kuniombea nguvu za kuendelea. Nikaangua kilio, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuomba. Walipomaliza wakanipigia makofi, wakanivika kilemba cha ukoka kwamba mwalimu kama mimi hajapata kutokea, nikarudi stoo kwangu na viti vyangu vibovu.

Wiki iliyofuata nikamfuata mchungaji ofisini kwake, mlango ukafungwa, nikahakikisha hakuna wa kuniombea ghafla. Nikamwambia waziwazi, "Mchungaji, nataka kuacha. Nataka Jumapili asubuhi niwe na baba yangu akiwa bado ananijua."

Si mtu mbaya. Machozi yalimlengalenga. Akasema nimwachie, atalishughulikia yeye mwenyewe. Siku zile nilishona nikiimba, wenzangu wakaniuliza kama nimechumbiwa upya. Nikampigia dada kumwambia nakuja, na dada akamwambia baba asubuhi, akiwa na akili zake. Baba akaagiza shati lake jeupe lipigwe pasi.

Jumamosi mama mchungaji akanipigia, sauti imejaa furaha. Mchungaji amezungumza na shemasi mwenye gari. Shemasi atampitia baba asubuhi na kumleta ibadani. "Hutalazimika kuchagua tena, mwanangu," akasema. "Utakuwa naye hapahapa, na watoto wetu utakuwa nao."

Mtu aliyekutendea wema ambao hukuuomba, unamjibu nini? Nikasema asante. Nikajidanganya kwamba nitamwona kabla ya darasa.

Nikafika mapema nikasimama getini. Gari halikuja. Watoto wakajaa uani, ngoma zikaanza, hakuna mwalimu mwingine wa kunishikia, nikawaingiza ndani na kushusha komeo. Nikiwa kwenye safina na twiga, nikaona gari kupitia nondo za dirisha. Dada alishuka, kisha baba. Alikuwa amesimama wima ndani ya lile shati jeupe, anatazama huku na huku, macho yake ni yale yale. Alikuwa ananitafuta. Nikamwita kwa nguvu zangu zote, lakini kwaya nayo ilikuwa imepamba moto. Shemasi akamshika kiwiko kwa adabu, wakaingia ukumbini.

Kwa Nini akanivuta sketi. "Mwalimu, kwa nini huendi?"

Nikamwambia kwa sababu ya mlango.

"Kwa nini huufungui?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Nikawatazama wale wadogo, wengine hawajui hata kujifunga viatu, na nje magari yanapita. Nikaomba kimoyomoyo mtu mzima yeyote apite. Hakupita mtu. Nikautoa mkono, nikarudi kwa twiga.

Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa na dada. Baba alimwuliza kila aliyekaa karibu binti yake yuko wapi. Wakamjibu kwa upole kwamba anafundisha, angoje kidogo. Akainuka, wakamketisha. Akainuka tena, wakamketisha tena, na hata dada alipotaka kumleta kwangu akaambiwa asubiri, mzee anatakiwa kutambulishwa. Mchungaji akamtambulisha kuwa ndiye baba wa mwalimu wetu, akampa nafasi ya kusema neno. Baba akasema amekuja kumwona binti yake. Kanisa likacheka kwa furaha, likasema amina. Makofi yale niliyasikia kutoka stoo, nikadhani ni ya mgeni rasmi.

Ibada ikarefuka. Wazazi wakaja mmoja mmoja kuchukua watoto wao, bila haraka, wakisalimiana. Wa mwisho alikuwa mama yake Kwa Nini, bado na joho la kwaya, akaanza kunisifia maneno ya mzee wangu. Nilimkabidhi mtoto wake bila kumjibu nikatoka mbio.

Ukumbi ulikuwa umebaki mtupu. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na dada kando yake. Dada alinitazama, kisha akainamisha kichwa, nikajua kabla sijafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama kwa adabu, kisha akawatazama watoto wa kwaya, waliobaki kwa mazoezi, wakinifuata na kuniita. "Wewe ndiye mwalimu wa hawa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nisaidie, mwalimu. Nimekuja kumwona binti yangu. Yule mdogo, anayeshona. Tangu asubuhi wananiambia ningoje."

Mama mchungaji akaniita kutoka mlangoni, kwamba watoto wameshapanga mstari wa mazoezi. Sikugeuka. 

"Anakuja, baba," nikasema.

Akashukuru, akasogea kunipa nafasi kwenye benchi. Nikakaa, tukamngoja.