Modesta Anataka Kurudi Kundini

Katika usharika wao, juu ya mashamba ya chai kule Mponde, hakuna aliyekumbuka lini Mama Secilia alikosa ibada. Alikuwa mzee wa kanisa tangu mumewe akiwa hai. Sala zote alikuwa nazo kichwani. Mdomo ukiomba, macho yalibaki na kazi yao ya kuangalia nani amechelewa na nani kavaa nini. Hakuona ubaya wowote.

Modesta, mchuma chai, alimkuta jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwanza, unahema kama umepanda kwa miguu toka Korogwe."

Modesta alikuwa ametengwa na kanisa kwa kuishi na mwanamume bila ndoa. Mwanamume alishaondoka zamani. Kilichobaki naye ni kifua.

"Nataka kurudi kundini, mama. Nipate Meza ya Bwana kabla sija... nipate tu."

Utaratibu ulijulikana. Aliyetengwa hupiga magoti Jumapili mbele ya watu wote, mchungaji akamwekea mikono. Akifa kabla ya hapo, huzikwa bila mchungaji na bila kengele. Na wa kumpeleka mbele ni mzee wa mtaa wake, ndiye Mama Secilia.

"Jumapili hii ni ya mavuno," Mama Secilia alisema, huku akipuliza moto. "Tuna wageni. Ukikohoa hivyo mbele yao itakuwaje? Ngoja mchungaji akija tena."

"Akija tena nitakuwepo?"

"Acha maneno hayo. Mungu hana haraka."

Jumapili Modesta akaja vilevile. Bodaboda ilimshusha mlangoni, akakaa benchi la nyuma amejifunika blanketi. Mama Secilia alimwona, akampungia mkono: tulia.

"Na yule?" mwinjilisti Fanueli akamnong'oneza.

"Siyo leo."

Baada ya ibada ukaanza mnada wa mavuno uwanjani. Fanueli aliinua kabichi juu ya kichwa. "Jamani, kabichi ya Bwana hii! Mnaiangalia kama mkwe mgonjwa!" Watu wakavunjika mbavu. Mama Secilia alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alipochungulia ndani, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Katikati ya juma, mvua ikinyesha, mwanamke mwenye ushungi uliolowa akasimama mlangoni kwake. Ni Mama Ramadhani, mchuma chai mwenzake Modesta, mtu wa Singida.

"Wewe ndiye mkubwa wa kanisa?"

"Ni mimi."

"Basi njoo, mwenzenu anaondoka. Kuogesha nimemwogesha, uji nimempa. Lakini anaomba kitu ambacho mimi Mwislamu sina."

Mama Secilia alimpigia simu mchungaji. Alikuwa Lushoto, na barabara imekatika. Akateremka bondeni na Fanueli, wakiteleza kwenye matope.

Modesta alikuwa mkekani, mdogo kama mtoto. Akatazama mlangoni. "Mchungaji yuko nyuma?"

"Anakuja," Mama Secilia akasema. Fanueli aliinamisha kichwa.

"Basi niombee wewe, mama."

Sala ikamtoka kama ilivyozoea: wagonjwa, wasafiri, yatima, viongozi wa nchi. Modesta akamshika mkono. Vidole vilikuwa vya baridi.

"Hiyo ni ya kanisani, mama. Niombee mimi."

Mama Secilia akaikatiza sala. Alitafuta neno la kumwombea huyu mtu mmoja, asilipate. Akatafuta tena. Akiwa bado anatafuta, kifua cha Modesta kikapanda, kikashuka, hakikupanda tena.

Mama Ramadhani akainama, akamfumba macho.

"Kengele haitapigwa," Fanueli akasema taratibu. "Unajua mwenyewe, mama. Hakurudi."

"Alirudi. Alikaa benchi la nyuma, tukauza kabichi."

"Lakini utaratibu..."

"Basi na mimi nikifa msinipigie. Nenda kawaambie wazee wenzangu, na useme nimesema mimi."

Fanueli aliangalia viatu vyake vilivyojaa matope, akatoka.

Mama Ramadhani alileta ndoo ya maji ya moto na kitambaa. Mama Secilia akavipokea, akapiga magoti kando ya mkeka, akaanza kuosha miguu ya marehemu iliyopasuka kwa umande wa chai. Midomo yake ikacheza. Maneno yalimtoka kwa Kishambaa, lugha ambayo hakuwahi kuitumia kuomba kanisani, na yalitoka machache, yakigongana.

Bwana, huyu alikuja. Mimi ndiye niliyemwambia angoje.

Mama Ramadhani alisimama akimsubiri amalize. Mama Secilia hakujua sala ya namna hiyo inamalizwaje. Akakamua kitambaa, akaendelea na mguu wa pili.