Zamu Yangu ya Jumatano

Usiku wa jana niliota nimetoka nyumbani kwenda kutazama bonde.

Hilo peke yake si la ajabu. Kila mwaka mvua za vuli zikianza kunusanusa huku kwetu milimani Upare, mimi na jirani yangu mama Niendiwe tunatenga asubuhi moja, tunashuka kwa miguu, tunapita kandokando ya mashamba ya watu polepole. Tunaangalia nani kapanda maharage, ng'ombe wa nani kazaa, plamsi za nani zimetoa maua. Hatuendi kwa shughuli. Ni matembezi tu. Tukichoka tunakaa kwenye jiwe, tunakula ndizi za kuchoma, tunarudi.

Lakini mwaka huu nilikuwa na jambo kifuani, nikalala nalo, na ndoto ikanikuta nalo.

Jambo lenyewe ni hili. Mashamba yetu ya bondeni yananyweshwa na mfereji unaotoka kwenye ndiva, bwawa letu la udongo pale juu. Kila nyumba ina siku yake ya maji. Yangu ni Jumatano, tangu marehemu mume wangu Elinihaki alipokuwa hai. Kila mwanzo wa vuli watu wote wanatoka msaragambo, kazi ya pamoja, kusafisha mfereji, kila nyumba na kipande chake, na sheria ni fupi: asiyeonekana msaragambo hana zamu. Basi mwaka huu mwenyekiti wa mfereji, shemeji yangu Sifaeli, mdogo wake marehemu, akaupanga msaragambo siku ya Jumamosi. Anajua fika kwamba mimi nashika Sabato. Yeye mwenyewe alilelewa ndani ya Sabato, akaitoka kwa miguu yake.

Nikachukua jembe Ijumaa. Nikachimba kipande changu chote peke yangu, nikatoa matope na mizizi, na jua lilipotaka kuzama nilikuwa nimeshanawa. Jumapili kwenye kikao shemeji akasimama, akatazama juu ya vichwa vyetu, akasema, "Shemeji Nakundwa hakuonekana." Jumatano yangu ikaenda kwenye kabichi zake. Na mvua yenyewe ilishuka mara moja ikakata. Maharage yangu yana majani mawili mawili, yamekunja shingo. Nikanyamaza, maana mjane akisema wanasema anapayuka.

Hayo ni ya macho. Sasa ya ndoto.

Nafika pale njia inapoanza kushuka. Bonde ndiyo kwanza linaamka. Ukungu umeanikwa kwenye kamba kama mashuka, umebanwa na vibanio ili usianguke. Bonde linapiga miayo, mbuzi wanatoka mdomoni mwake mmoja mmoja wanakwenda malishoni. Nikasalimia kama ilivyo adabu.

"Nani huyo?" bonde likauliza.

"Ni mimi Nakundwa, mjane wa Elinihaki. Nimekuja kutembea kama kila mwaka."

"Sauti naisikia, mtu simwoni. Jumamosi alionekana?"

"Jumamosi nilikuwa kanisani."

"Basi haonekani," bonde likasema, likajigeuza upande wa pili, likavuta shuka moja la ukungu likajifunika.

Nikajitazama. Miguu sikuiona. Niliona majani yanalala nikikanyaga, yanainuka nikipita, basi. Mikono hakuna. Kanga niliyojifunga hakuna. Nikasimama hapo njiani nimekasirika. Nimesali miaka yote hii Mungu anichukue mbinguni nikiwa mzima, leo napunguzwa huku huku duniani na kamati ya mfereji!

Nikaendelea kushuka, maana hasira hazizuii safari. Kwa mzee Mrutu mti wa plamsi umechanua, mweupe wote, mpaka nyuki wanasubiri foleni. Nilipoukaribia maua yakajifunga yote kwa pamoja, kwa kishindo, kama maduka yanapofungwa bwana afya akionekana.

"Mbona mnafunga?" nikauliza.

"Kuna upepo unapita," tawi la chini likajibu.

"Siyo upepo, ni mimi! Mimi niliyekuletea samadi ya ng'ombe wangu ulipokuwa unakauka."

"Samadi tuliiona," tawi likasema kwa heshima kabisa. "Ilikuwa nzuri. Aliyeileta ndiye hatukumwona."

"Mti usio na shukrani wewe."

"Upepo huu una maneno," nyuki mmoja akasema, akasogea mbele kwenye foleni.

Nikaondoka. Mbele kidogo nikamwona mama Niendiwe. Moyo ukatulia, nikasema huyu walau tumejuana tangu tukibeba watoto mgongoni. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa anatembea na korongo, mmoja wa wale weupe wanaokuja kila vuli kufuata panzi. Korongo anatembea upande wa kushoto, upande wangu. Anakula ndizi ya kuchoma, ndizi yangu.

"Mama Niendiwe!" nikaita.

"Leo kuna kaubaridi," akamwambia korongo.

Wakafika kwenye lile jiwe tunalokalia. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Mama Niendiwe akanikalia mapajani, akajisogeza akakaa vizuri. Ni mama mwenye mwili.

"Jiwe limepata moto," akasema. "Jua litakuwa kali mchana."

Korongo akameza ndizi, akauliza, "Yule mwenzako wa kila mwaka yuko wapi?"

"Haonekani."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Si Ijumaa? Nilimkuta mferejini, yuko ndani mpaka magotini, jembe linapanda linashuka. Nikampelekea hata uji kwenye kikombe."

"Na kikaoni ulisema?"

Mama Niendiwe akatazama kucha zake. "Baba, mimi zamu yangu ni Alhamisi. Ukigombana na mwenyekiti Jumatano, Alhamisi unamwagilia vumbi."

"Sisi tunaoruka mbali," korongo akasema, "aliyemwona mwenzake akianguka halafu akanyamaza, harudishwi tena mbele ya kundi."

"Kwenu kuna mifereji?"

"Hakuna."

"Basi kula ndizi."

Mimi huku chini nachemka. Kumbe aliniona! Uji wake niliukumbuka, ulikuwa na ndimu. Aliniona kwa macho yake mawili, akaketi kikaoni ameshika shavu kama mtu mwenye jino bovu. Nikamfinya.

"Uwii, siafu!" akaruka.

Nilipoinuka, jiwe lilikuwa benchi, na benchi lilikuwa kanisani, na kanisa lilikuwa ndani ya ndiva, chini kabisa, palipokauka. Hakuna aliyeshangaa. Kwenye mabenchi zimekaa kabichi za shemeji, nene, zimejipanga kwa ukubwa, zimefunga majani kifuani kama watu walioshiba. Shemeji Sifaeli amesimama mbele juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nyuma yake zimefungwa zamu zetu za wiki nzima. Ni mbuzi, kila siku mbuzi wake. Alhamisi ya mama Niendiwe inatafuna kamba. Jumamosi haikufungwa. Imelala chini inacheua kwa amani, ila ubavuni ina alama ya kiatu, na kiatu nakijua ni cha nani.

Na Jumatano yangu, imekonda, imefungwa kwenye mguu wa shemeji. Iliponisikia ikainua masikio.

"Mama," ikasema, "hawa kabichi wananinyonya usiku na mchana, na hawasemi hata asante."

"Asante," kabichi moja ikasema, ikacheua.

"Sheria ni sheria," shemeji akatangaza. "Asiyeonekana hana zamu. Mnamwona?"

"Hatumwoni!" kabichi zikaitikia.

"Sifaeli!" nikapaza sauti. "Mtoto wewe niliyekupikia makande ukiwa unasoma, ukilala kwenye mkeka wa kaka yako! Uliza mfereji kipande changu kimechimbwa na nani!"

Hakusikia, au alijifanya. Lakini mfereji ulisikia. Ukaingia mlangoni ukiwa umejikunja kama nyoka, una matope mpaka shingoni, ukapita katikati ya mabenchi, ukasimama.

"Vipande vyote vimesafishwa," mfereji ukasema. "Na cha Elinihaki kimesafishwa kuliko vyote."

"Na nani?" shemeji akauliza.

"Na mtu asiyeonekana."

"Mmesikia wenyewe," shemeji akasema. Kabichi zikacheka zikatikisika mpaka mabenchi yakalia.

Nikasema sasa hapa nitakosa imani. Nikapiga magoti pale kwenye udongo, nikamwambia Mungu, "Bwana, sikuombi mambo makubwa. Wewe uliniona Ijumaa. Mtafute mwingine hata mmoja aseme."

Ndipo nikasikia kitu kinakohoa kwenye ukuta. Kilikuwa kizibo. Ndiva yetu inazibwa chini kwa mti mmoja mnene uliozungushiwa majani ya mgomba na matope, na mwenye zamu ndiye anauvuta asubuhi maji yatoke. Mti ule umekaa humo tangu wazee. Ukatema matope kidogo, ukasema:

"Nani kaona nani, mimi sijui. Mimi sijawahi kumwona mtu. Kichwa changu kiko ndani ya tope, nyuma yangu maji, mbele giza. Mimi najua mikono."

"Hapa tunazungumza habari ya kuonekana," shemeji akasema.

"Zungumzeni. Mimi nazungumza habari ya kufunguka. Leteni mikono."

Shemeji akashuka kwenye ndoo akaja akaushika. Mti ukanusa.

"Huu laini," ukasema. "Huu hushika kalamu na bega la mtu. Mwingine."

Nikasogea nikaushika. Sikuiona mikono yangu, lakini baridi ya ule mti niliipata mpaka kwenye kiwiko.

"Enhe," kizibo kikasema, na sauti ikawa ya mtu aliyepata mgeni wake. "Huu nimeungoja. Kidole cha pete kimepinda."

"Ulikipinda wewe," nikakiambia. "Uliponibana mwaka ule wa njaa."

"Ni mimi. Pole. Ulipiga kelele, lakini hukuniachia mpaka shamba likanywa. Mkono wa namna hiyo hausahauliki." Kisha kikasema kwa sauti, kanisa zima likasikia: "Jumatano, mimi sitoki kwa mkono mwingine. Hata mkiita kijiji."

"Kizibo hakina kura!" shemeji akafoka.

"Sina kura," kizibo kikasema. "Nina maji."

Nikavuta. Mti ukatoka kwa mlio kama mtoto anaponyonya akaachia, na maji yakaja. Yakabeba ndoo, yakabeba mabenchi, kabichi zikaelea zikipiga kelele kwamba hazikufundishwa kuogelea. Kamba ya Jumatano ikakatika, ikaruka ikaja kusimama kwangu. Na kila nilipolowa nikaanza kuonekana. Kwanza magoti, halafu kanga, halafu mikono yote miwili. Juu kule bonde likajitoa ukungu usoni likasema, "Kumbe!" Nikasikia mti wa mzee Mrutu unafungua maua yake yote kwa mpigo, unajikohoza kwa aibu.

Shemeji alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani. Akanitazama kama mtu anayeamshwa.

"Shemeji, kumbe ulikuwepo?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mazuri, yaliyokaa tangu Jumapili. Nikafungua mdomo, jogoo wangu akawika, nikaamka.

Chumba kimya. Kulikuwa kunapambazuka, siku ya Jumatano. Nikakaa kitandani nikasema sala yangu, nikaomba Mungu aniondolee uchungu, maana kuchukia hata ndotoni kunachosha. Nilipokunjua mikono niliyoifumba nikaona kitu. Kwenye kile kidole kilichopinda kulikuwa na uzi wa jani la mgomba, umezunguka, umelowa, una tope lenye harufu ya ndiva. Mimi usiku nilinawa kwa sabuni kabla ya kulala. Na mgomba sijagusa tangu nilipokata mkungu wa juzi.

Sijakaa sana na mshangao huo, nikasikia hatua za mtu anayetembea na viatu vilivyojaa maji.

"Hodi, shemeji. Hodi humu ndani."

Sauti ya Sifaeli. Nikajifunga kanga nikaenda mlangoni, sikufungua.

"Karibu. Kuna nini mapema hivi?"

"Shemeji, ni ule mti wa ndiva." Anahema. "Umegoma. Tumevuta na vijana, tumefunga kamba, tumeleta hata ng'ombe wa Mrutu. Kamba imekatika, mti haujasogea. Hatujui umeingiwa na nini. Watu wanasema tukujaribu wewe, maana marehemu na wewe ndio mlikuwa mnaujua."

"Watu gani wanasema?"

Nikasikia sauti ya mama Niendiwe kutoka njiani, ndogo, kama ya mtu aliyekaliwa na kitu: "Ni mimi, mama. Nimewaambia nilikuona Ijumaa. Nimewaambia wote, na yeye yupo."

Nikafungua mlango. Shemeji amelowa mpaka kifuani. Nikasimama kizingitini pale mwanga unapoingia, nikanyoosha mikono yangu yote miwili mbele yake.

"Sifaeli, unaniona?"

Akatazama chini, akatazama mikono yangu, akakiona kile kidole na ule uzi.

"Nakuona, shemeji."

"Basi ngoja ninywe uji," nikamwambia. "Leo ni zamu yangu."