Kifaa Kisichojulikana

Namalwa alikuwa akimimina chai katika ofisi ya ushirika wa maziwa, mjini Eldoret, kompyuta ya meneja ilipokataa kutoa sauti. Bwana Gathogo, meneja mwenyewe, alikuwa katikati ya mkutano wa mtandaoni na wafadhili. Kwenye skrini walionekana wakitafuna maneno kimyakimya, kama ng'ombe wanaocheua. Fundi Stephen akaitwa. Akafungua kasha, akachungulia, akasema kadi ya sauti imeungua.

"Weka draiva upya," Gathogo akaamuru. Aliamini kwamba kitu kikitangazwa kipo, basi kipo. Ndivyo alivyouendesha ushirika.

Stephen alimweleza kwamba draiva ni programu tu. Kazi yake ni kupiga hodi ndani ya mashine, kuuliza nani yupo, kisha yeyote anayeitika kumtambulisha kwa kompyuta. Meneja akasema iwekwe hivyo hivyo. Ikawekwa, ikapiga hodi. Namalwa akahisi kitu kinamgonga kifuani, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akaitika, "Karibu."

"Imepata," Stephen akasema. Skrini iliandika: Kifaa Kisichojulikana. Tayari kutumika.

Mfadhili mmoja, mama wa ng'ambo, alipofungua kinywa, Kiingereza chake kilitokea kinywani mwa Namalwa, ambaye alikuwa akifunika birika.

"Si mbaya," Gathogo akasema. "Ila besi haitoshi."

Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale Namalwa alikuwa kibarua, bila barua ya kazi, na meneja alimwita "wewe wa chai". Draiva ilimtambua palepale. Alijisikia fahari kidogo, fahari aliyokuja kuionea haya. Alihamishiwa ukutani, mbali na dirisha, kwa sababu dirishani alinasa kelele za bodaboda.

Jumamosi wageni walifika kwake, mtaa wa Langas, kumposa binti yake, Nakhumicha. Namalwa akasimama kuwakaribisha. Ikatoka kengele ya barua pepe, kisha sauti ya Gathogo, aliyekuwa ofisini kwenye kompyuta akifanyia mazoezi hotuba yake ya mkutano mkuu: "Wafanyakazi wetu ni familia yetu." Mzee Lusweti, mjomba wa bwana harusi, alipiga makofi, akauliza kama kazi hiyo ina pensheni. Ilibidi shemeji yake Namalwa aseme kwa niaba ya mama mzazi.

Jumatatu alimwahi meneja kabla hajawasha kompyuta.

"Bosi, naomba mnitoe kwa hiyo mashine. Msichana wangu anaolewa na mimi sina mdomo."

Gathogo alimgeukia Stephen. Stephen akasema inawezekana, mradi wanunue kadi nyingine, na madukani mjini zimejaa.

"Bajeti hairuhusu," Gathogo akasema, amesimama juu ya zulia jipya.

"Basi hata jina tu. Hiyo skrini inasema sijulikani. Mimi naitwa Namalwa."

Meneja aliona jina halina gharama, akakubali. Stephen akawasha kompyuta, akaliandika. Gathogo akalisoma, akakunja uso, akasema litawachanganya wafadhili. Stephen akalifuta, akaandika: Spika ya Ofisi. Namalwa akataka kusema jambo, lakini kompyuta ilikuwa imekwisha kuwashwa na mdomo haukuwa wake tena.

Wafadhili walijitokeza kwenye skrini, wakasalimia. Yule mama wa ng'ambo alitaka kujua jambo moja kabla ya kuendelea: je, wafanyakazi wa ngazi ya chini hapo ofisini wanasikilizwa?

Swali hilo lilitoka kinywani mwa Namalwa, polepole, neno kwa neno. Alimkazia Gathogo macho tangu mwanzo wa swali hadi mwisho.

"Kabisa," Gathogo akajibu, akampunguza sauti.