Katuni Ambayo Djo Hakuitazama Hadi Mwisho

Djo alikuwa amechoka ule uchovu usiotibika kwa usingizi. Usiku kucha alikuwa kazini, akiwageuza na kuwaosha wazee wa watu, na Jumamosi hii mchana, badala ya kulala, yuko kwenye ukumbi wa kanisa mtaani Small Heath, huku ugenini, kipaza sauti mkononi, ati atafsiri katuni. Usimwonee huruma, alijitakia mwenyewe. Ujanani, kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, ndiye aliyekuwa mtafsiri wa kibanda cha video, akimwaga Kiswahili chake juu ya maneno ya Wachina na Wahindi, watu wakivunjika mbavu. Sasa Mchungaji Gustave alipomwomba aje awachangamshe wazee wa kanisa, angekataaje?

Ila kibandani kulikuwa na sharti: huruhusiwi kutafsiri filamu mbele za watu kabla hujaitazama peke yako mpaka mwisho. Djo aliianza hiyo katuni, hadithi ya kale ya Wajapani iliyochorwa kwa rangi laini, akaona mwanamume amembeba mama yake mzee mgongoni wakipanda mlima, kisha akasinzia papo hapo kwenye kochi. Alipozinduka akajiambia, aa, iliyobaki nitaijaza kwa mdomo.

Mstari wa mbele alikaa mama yake mwenyewe, Maman Annonciata, kitenge kimefunika magoti. Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Jumatatu Djo alikuwa ampeleke kwenye nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield, abaki huko, na alikuwa hajamwambia. Mama alikuwa anaacha gesi inawaka. Juzi alikutwa barabarani Stratford Road bila viatu, anatafuta soko la kwao Bukavu. Djo na mkewe Sabine walipokezana kumlinda hadi miili ikagoma. Kila asubuhi Djo alisema leo namwambia, na kila jioni akalala nalo kooni. Jamani, neno kama hilo unamwambiaje aliyekuzaa?

Katuni ikaanza.

"Huyu kijana anaitwa Félicien!" Djo akatangaza. "Anampeleka mama yake harusini huko mlimani. Mama kakataa kutembea, viatu ni vipya!"

Wamama wakacheka. Kwenye picha, bibi yule akawa anavunja vitawi vya miti na kuviangusha njiani, kimoja baada ya kingine.

"Mnamwona? Anavunja kuni za kupikia fufu. Wapishi wa huko yeye hawaamini!"

Ukumbi ukazidi kucheka, na Djo, uchovu wote ule, akajisikia kijana tena.

Harusi haikutokea. Juu kule palikuwa na theluji tupu. Kijana akamtua mama yake kwenye jiwe, akamwinamia mpaka chini, akageuka, akaanza kushuka peke yake. Mama akabaki amekunja mikono, theluji inamwangukia. Djo maneno yakamwishia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho mbele ya kanisa zima.

"Harusi iko wapi, Djo?" Mama Déborah akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wageni... wageni wamechelewa."

Maman Annonciata peke yake hakucheka. "Hakuna harusi," akasema. "Anamuacha. Na zile si kuni. Mama anamuwekea mtoto alama, asipotee akirudi." Akamgeukia mwanawe. "Si ni vile, Djo?"

Mama huyu huyu alikuwa hajui leo ni siku gani. Aibu ikamshika Djo mwili mzima. Akaweka kipaza sauti kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake.

"Ni vile, Maman."

"Na mimi unanipeleka lini?"

Djo akaishika mikono yake.

"Niliwasikia jikoni, wewe na Sabine," mama akasema. "Nikangoja uniambie. Nimengoja sana."

"Jumatatu." Machozi yakamtoka bila kuombwa. "Nisamehe, Maman. Nimeshindwa. Walahi nimeshindwa."

Mama hakulia. Akashika ncha ya kitenge chake akampangusa, kwa nguvu, kama enzi zile Djo alipokuwa mtoto wa makamasi.

"Ni mbali?"

"Tunapanda treni."

"Na ile ya kukurudisha iko saa ngapi?"

"Ya nini, Maman?"

"Ya kukurudisha nyumbani. Utakuwa peke yako, na macho yako hayo mekundu. Ukikaa tu unalala, treni inakupitisha. Uombe mtu akuamshe, umesikia?"

Nyuma ya Djo katuni ilikuwa inaendelea. Kijana alikuwa ameona kitawi cha kwanza njiani, akakiokota, akakitazama sana. Mara akageuka, akaupanda mlima mbio.

"Tafsiri basi, jamani!" Mama Déborah akalalamika. "Sasa anafanya nini?"

Maman Annonciata akakichukua kipaza sauti kitini, akakisogeza mdomoni.

"Anarudi kumuchukua mama yake," akawaambia watu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kisha akakishusha, akamwinamia mwanawe sikioni.

"Ule wa katuni hana kazi ya usiku, papa," akasema, akimwita vile alivyomwita utotoni. "Wewe wende ulale."